Ofisi Ikibadilika Jina

Leo tunazungumzia swali linalosikika kwenye foleni: serikali ikibadili mambo, karatasi zangu zitakuwaje?

Tutazame nchi ya Kenya. Zamani usajili wa wakimbizi ulikuwa mikononi mwa UNHCR. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ikaunda idara ya serikali ya kushughulikia kazi hiyo. Mwaka 2010 nchi ikapata katiba mpya, na haki nyingi ndani yake humlinda kila mtu, si raia peke yake.

Mei 2016 upepo ukageuka. Serikali ikatangaza kuwa itaifunga kambi ya Dadaab, na idara ile ikavunjwa. Lakini Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo la kufunga kambi linakwenda kinyume cha katiba. Kambi ikabaki. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria mpya, nayo ikaunda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kisha Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia Dadaab na Kakuma ziwe makazi ambapo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma zilezile.

Umeona, ndugu msikilizaji? Siasa inaweza kugeuka kwa siku moja, lakini sheria huandikwa. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Sisi tunaongeza: uliza kwanza limeandikwa wapi.

Kwa hiyo, ukisikia ofisi inabadilika, fanya mambo manne. Kwanza, usitupe karatasi ya zamani, hata kama muda wake umekwisha. Ndiyo inayoonyesha ulisajiliwa lini na pamoja na nani. Pili, soma tangazo kwenye ubao, au mwombe kijana wako akusomee. Tatu, usimpe mtu pesa akuandikishe haraka, kwani usajili ni bure. Nne, kwenye mkutano wa kambi, simama uulize: je, kadi niliyo nayo bado inatumika? Na mpya nitaipata wapi?

Kama uko Tanzania, Uganda, Burundi au Rwanda, sheria za huko ni nyingine. Maswali ni yaleyale.

Mama uliyeikunja karatasi yako ndani ya kitenge, ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Mvua haijali sheria mpya wala ya zamani.