Mashini Haicheki, Lakini Inadanganyika
Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, komini ya Kenya, Lubumbashi



Tuanze na kijana mmoja wa kwetu. Wazazi wake walikimbia Moba mwaka 2017, yeye akasoma Kiingereza kule Mantapala, Zambia. Kurudi huku, masomo yote ni Kifaransa. Yuko na miaka 17, wakamuweka pamoja na watoto wa miaka 12. Haya ikamushinda, akaacha. Hapa kati yetu, ni wangapi hawajue ile haya?

Kisha akashika telefone ya mama yake, akaanza kuuliza ile akili ya mashini, watu wanaita IA. Anauliza kwa Kiingereza, inamujibu kwa Kifaransa. Hajaelewa? Anauliza tena, hata mara kumi. Haichoki, haimucheki. Tangu ChatGPT itoke, Novemba 2022, njo hiyo kitu imebadilika: mutu anaweza kuanza na luga yenye iko nayo, bila kungojea feza ya masomo ya mangaribi.

Sisi wafanyakazi tulifurahi mbio sana. Siku moja akatuletea kaye yake, ameandika vizuri: «Moba iko katika jimbo la Katanga.» Mwalimu mmoja muzee, mwenye amestaafu, akasoma, akamuuliza: «Mwanangu, Katanga iligawanyika mwaka gani?» Kimya. Tangu 2015 Katanga imekuwa majimbo ine, na Moba iko Tanganyika. Mashini ilimukosesha jina la jimbo la kwao mwenyewe, tena kwa Kifaransa safi. Na sisi tulipita juu ya ile kaye bila kuona.

Tangu pale tunakutana kila siku ya posho. Kila mumoja anaandika jibu kwa mukono wake, anasema amelitoa wapi, kisha analipima na kitabu ao na mutu mwenye kujua. Mwenye anafundisha wengine njo anashika zaidi.

Wapaji wetu, hatuombe telefone za mupya. Tunaomba vitabu vya masomo, hata vya zamani kidogo, betri ya kushikilia wakati umeme umekatika, na nauli ya yule muzee.

Na ninyi wazazi: mutoto akishika telefone usiku, musimupokonye mbio. Mumuulize kwanza: «Leo umejifunza nini, na nani amekuhakikishia?»