Chachu, Hamira na Kwetu: Lugha ya Sikukuu ya Pasaka Nyumbani Katumba



Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni ndogo kwa sura: chai, maandazi na maneno yasemwayo mezani siku ya Pasaka. Mahali panapohusika ni Katumba, katika mkoa wa Katavi, kando ya reli iendayo Mpanda. Hata hivyo, katika udogo huo limo swali zito ambalo isimu haina budi kulikabili: mtu aliyehamishwa na vita huyaita mahali gani kwao, na lugha humsaidiaje kupaita hivyo?

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, Pasaka huangukia majira ya machipuko, na baadhi ya lugha za huko zimeuhifadhi uhusiano huo katika jina lenyewe. Bede, mtawa wa Uingereza aliyeandika katika karne ya 8, alilieleza jina la Kiingereza la sikukuu hii kuwa limetokana na jina la mungu wa kike wa kale, ambaye mwezi mmoja wa majira hayo uliitwa kwa jina lake. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Neno *Pasaka* asili yake ni Kiebrania, likapitia Kiyunani na lugha za kanisa. Kirundi nacho kina *Pasika*. Kwa hiyo jina la sikukuu kwa Waswahili halitaji maua wala jua. Linataja safari, yaani usiku ule ambao Waisraeli waliondoka Misri.

Katavi haina majira ya machipuko. Ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kukoma Aprili. Kwa kuwa Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili, humkuta mkulima wa Katumba mvua zikielekea ukingoni, mahindi mabichi yakiwa yamekwisha kuonjwa na njia zikiwa bado na tope.

Watu wa Katumba

Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Ni moja kati ya makazi matatu makubwa ya wakimbizi hao. Mengine ni Ulyankulu mkoani Tabora, na Mishamo, yaliyofunguliwa mwaka 1978. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, na kazi ya kuyaendeleza makazi ikafanywa kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi pamoja na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi Tanganyika. Msitu ulifyekwa, mashamba yakalimwa, shule na makanisa yakajengwa. Watoto walisoma kwa Kiswahili, na wazee wakaendelea kusema Kirundi.

Mwaka 2007 wakazi wa makazi hayo matatu walitakiwa kuchagua: kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wao, kiasi cha wanne katika kila watano, waliomba uraia, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Lakini mpango wa awali uliwataka wayahame makazi na kutawanyika katika mikoa mingine kabla ya kukabidhiwa vyeti. Kwa miaka kadhaa watu hawa hawakuwa na hakika kama wapande mazao ya kudumu au wafungashe mizigo. Mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa, na wakaruhusiwa kubaki. Historia hiyo isipokumbukwa, maneno ya mezani hayataeleweka.

Chachu na hamira

Pasaka ya kwanza, kama inavyosimuliwa katika kitabu cha Kutoka, ililiwa kwa mikate isiyotiwa chachu. Sababu inatajwa bayana: watu walikuwa na haraka, na unga haukupata muda wa kuumuka. Msomaji wa Kiswahili hulikuta hapo neno *chachu*, lenye asili ya Kibantu, ambalo ni ndugu wa kitenzi *chacha*. Akitoka kanisani akaingia dukani, haombi chachu. Huomba *hamira*, neno lililotoka katika Kiarabu. Kitu ni kimoja. Neno la kwanza limebaki katika mahubiri, na pia katika usemi wa mafumbo, kama mtu anaposema kwamba jambo fulani limekuwa chachu ya maendeleo. Neno la pili limeshika jikoni. Ni mgawanyo wa kazi ambao kamusi zetu hazijaueleza vya kutosha.

Mahindi na mihogo hulimwa shambani, ilhali unga wa ngano hununuliwa. Ndiyo maana maandazi ni alama ya sikukuu katika nyumba nyingi za mashambani. Jina lenyewe lafaa kuangaliwa. *Andazi* linatokana na *andaa*, yaani kutayarisha, hasa chakula. Halitaji ngano wala mafuta, linataja matayarisho. Tena, andazi halifanyiki kwa haraka. Unga hukandwa na sukari na iliki, hamira hutiwa, kinyunga hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa. Wenye nyumba hungoja. Asiye na tanuri na anayetaka keki huweka sufuria juu ya makaa, akapanga makaa mengine juu ya mfuniko, na kazi hiyo huitwa *kuoka* sawasawa na ile ya mwenye tanuri.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapojitokeza. Mkate usio na chachu ni mkate wa mtu anayeondoka. Kinyunga kilichofunikwa ni cha mtu anayetarajia kuwapo kesho asubuhi. Katika makazi ambayo watu wake waliwahi kukimbia usiku, na baadaye wakaambiwa wajiandae kuhama tena, kungoja unga uumuke si jambo la kupuuzwa.

Chai na vitafunwa

Neno *chai* limesafiri kutoka Uchina, likapita Uajemi na nchi za Bahari ya Hindi hadi kutufikia. Kwa Mtanzania, kunywa chai ni zaidi ya kunywa kinywaji; ni kufungua kinywa asubuhi. Chai hugawanyika: ya rangi, ya maziwa, na *chai kavu*, ambayo haina ukavu wowote ila imekosa kitu cha kutafuna. Kinacholiwa pamoja nayo huitwa *kitafunwa*, neno lililoundwa kwa kauli ya kutendwa. Kirundi nacho kina *icayi*, *isukari* na *umukate*. Kwa hiyo bibi aliyevuka mpaka mwaka 1972 na mjukuu wake aliyezaliwa Katumba hukutana mezani kwa maneno ambayo karibu ni yale yale. Sala huenda ikasaliwa kwa Kirundi na mzaha ukafanywa kwa Kiswahili, lakini birika halihitaji mkalimani.

Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste wa Katumba husali katika nyumba tofauti za ibada. Baada ya ibada, sahani hufunikwa na kupelekwa kwa jirani, naye jirani hatarajiwi kuirudisha tupu.

Nyumbani na kwetu

Kiswahili kina njia mbili za kutaja mahali pa mtu. *Nyumbani* huanzia kwenye jengo: ni nyumba pamoja na kiambishi cha mahali. *Kwetu* haina jengo ndani yake. Ina watu tu. Kirundi kina jozi inayokaribiana nayo: *imuhira* na *iwacu*. Mtu anaweza kujenga nyumbani kwa mwaka mmoja. Kwetu haijengwi kwa tofali.

Ichukuliwe mfano wa nyumba yenye bibi, watoto na wajukuu. Bibi akisema *iwacu*, huenda anakusudia kilima alichokiacha Burundi. Mjukuu akisema *kwetu*, anakusudia Katumba. Wote wawili wanasema kweli, na sarufi haiwagombanishi, kwa kuwa umilikishi hufuata msemaji. Ugomvi huletwa na swali la mtu wa nje: "Kwenu ni wapi?" Katika mazungumzo ya kawaida nchini, swali hilo huulizia asili, na jibu la mahali ulipozaliwa mara nyingi halimtoshelezi muulizaji, huongeza, "Hasa hasa?" Cheti cha uraia kinajibu swali la serikali. Hilo la pili bado linamngoja mjukuu kwenye basi na darasani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikusema mgeni atabaki mgeni hadi lini.

Hitimisho

Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70. Msamiati wa Kirundi cha Katumba, jinsi ulivyochanganyika na Kiswahili cha jikoni, kanisani na shambani, umo vinywani mwa kizazi hicho, nacho kinapungua. Watafiti wa leksikografia hawana budi kwenda kuuandika. Inapendekezwa waende wakati wa Pasaka, wakakae jikoni kabla ya kukaa sebuleni, na wasianze kwa swali la "Kwenu ni wapi?" Waulize kwanza kile kilichofunikwa kwa kitambaa kinaitwaje, kisha wangoje hadi kiumuke.