Kima Kipya cha Mshahara na Ajira za Msimu katika Utalii wa Karatu na Ngorongoro



1. Utangulizi

Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyotangazwa Oktoba 2025 inatumika tangu Januari 1, 2026. Wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Kila sekta ina kiwango chake: hoteli ya Karatu mjini na shamba la vitunguu la Mang'ola havilipi kwa kiwango kimoja. Hoja yangu ni kwamba nyongeza hii itamfikia mfanyakazi pale tu saa zake na mkataba wake vitakapoandikwa.

2. Saa za kazi

Tumtazame mpishi anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, sawa na saa 195 kwa mwezi. Saa yake moja, basi, ni shilingi 2,000.

Wageni wanaoshuka kreta asubuhi hufungiwa chakula mapema, kwa hiyo mpishi huingia jikoni saa kumi alfajiri na kutoka saa tisa alasiri, akipumzika saa moja. Amefanya kazi saa kumi. Saa mbili za kabla ya mapambazuko ni za usiku, na kila moja huongezewa asilimia 5, yaani shilingi 100. Saa ya kumi ni ya ziada, nayo hulipwa mara moja na nusu: shilingi 3,000. Anastahili shilingi 3,200 juu ya mshahara wa siku hiyo. Kwa siku 20 ni shilingi 64,000, ambazo zinaweza kumpotea iwapo saa hizo hazikuandikwa.

Bakshishi ya mgeni haiwezi kuziba pengo hili. Mgeni ametoa kwa hiari yake; mshahara ni deni la mwajiri.

3. Msimu

Masika yakiingia wageni hupungua, na wengi huambiwa, "Nenda nyumbani, tutakuita." Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yameruhusu mkataba wa muda maalumu kwa kazi ya msimu. Huo ni unafuu wa kweli kwa mwajiri, ila lazima autumie kwa maandishi. Likizuka shauri naye hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

4. Mapendekezo

Waajiri watoe mikataba kabla ya msimu kuanza, wakionyesha tarehe ya mwisho. Kila malipo yaambatane na hati inayotenganisha mshahara wa msingi, saa za ziada na za usiku. Wafanyakazi waweke kumbukumbu za saa zao, na anayeachishwa kazi isivyo halali afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akingoja aitwe msimu ujao, muda huo utakuwa umempita.