Aliyeandika Hakutajwa: Habari za Mildred Benson

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)

 

Leo sikuleta habari za mbolea wala za lishe bora. Nimeleta habari za mama mmoja wa Marekani aliyeandika vitabu vya watoto. Najua wengine mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Ngojeni kidogo. Habari zenyewe ni za kalamu, karatasi na sahihi. Na sisi hapa tumejifunza kuweka sahihi mahali ambapo zamani wengi waliweka dole gumba.

Mama huyo aliitwa Mildred Augustine. Alizaliwa tarehe 10 Julai, 1905, katika mji mdogo wa Ladora, jimbo la Iowa. Iowa ni jimbo la wakulima, na zao lao kubwa ni mahindi. Baba yake alikuwa daktari. Mildred alipenda kusoma tangu utotoni, na nia yake ilikuwa moja tu: kuwa mwandishi. Mwaka 1919, akiwa bado msichana mdogo, hadithi yake ilichapwa katika gazeti la watoto.

Akaenda Chuo Kikuu cha Iowa. Huko alijulikana pia kwa kuogelea. Mwaka 1927 akapata shahada ya pili ya uandishi wa habari. Yeye ndiye mtu wa kwanza, mume au mke, kupata shahada hiyo katika chuo kile.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakati huo alikuwako bwana mmoja aliyeitwa Edward Stratemeyer. Bwana huyo alikuwa na kampuni ya kutengeneza vitabu vya watoto. Mmewaona mafundi wa nguo? Fundi mkuu hukata kitambaa, halafu huwapa mafundi wengine washone. Nguo ikiisha huuzwa kwa jina la duka. Aliyeshona hatajwi. Basi Stratemeyer alifanya hivyo hivyo kwa vitabu. Yeye alibuni kisa na kukiandika kwa ufupi katika karatasi chache. Kisha alimpa mwandishi akijaze mpaka kiwe kitabu kizima. Juu ya kitabu liliandikwa jina la mtu ambaye hakuwako duniani.

Mildred alichukua kazi hiyo. Mwaka 1930 vikatoka vitabu vitatu kwa pamoja, habari za msichana mpelelezi aitwaye Nancy Drew. Jina lililoandikwa juu ya vitabu lilikuwa Carolyn Keene. Hakukuwa na mtu wa jina hilo. Aliyeandika ni Mildred.

Huyu Nancy Drew ni nani? Ni msichana aliyefiwa na mama. Baba yake ni wakili. Ana gari lake mwenyewe, haogopi giza, wala hangoji mwanamume aje amwokoe. Katika kitabu cha kwanza mzee mmoja amefariki. Jamaa matajiri wanataka kuchukua mali yote. Lakini mzee aliacha wosia mwingine, na haujulikani uko wapi. Nancy anatafuta, anauliza, anafuata dalili moja baada ya nyingine. Mwisho anakuta kidaftari kimefichwa ndani ya saa ya zamani. Kidaftari kile kinaonyesha wosia ulipo, na wale ndugu maskini wanapata haki yao. Mnaona? Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Watoto wa kike walivipenda mno vitabu hivyo. Vimeuzwa mamilioni ya nakala katika nchi nyingi. Mildred mwenyewe alipata nini?

Mwanzoni alilipwa dola 125 kwa kitabu kimoja. Hayo ndiyo malipo yote. Kitabu kikiuzwa mara elfu au mara milioni, yeye haongezwi hata senti. Tena alitia sahihi hati ya kuachia haki zake zote. Hati hiyo ilimzuia pia kujitangaza kuwa yeye ndiye mwandishi.

Msifikiri kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa msomi, na aliijua hati aliyoitia sahihi. Miaka ya 1930 ilikuwa ya shida kubwa Marekani, watu wengi hawakuwa na kazi. Dola 125 za mkononi zilikuwa fedha za kweli. Lakini kampuni ilipotaka kumpunguzia hadi dola 75, alikataa. Vitabu vitatu vikaandikwa na mtu mwingine, kisha Mildred akarudi. Katika vitabu 30 vya kwanza vya Nancy Drew, yeye aliandika 23. Ukihesabu na vingine, vikiwemo vile vya jina lake mwenyewe, vinazidi 130.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Mume wake wa kwanza aliugua kwa muda mrefu, akafariki mwaka 1947. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Mwaka 1944 Mildred alikuwa ameanza kazi ya gazeti mjini Toledo, jimbo la Ohio. Mwaka 1950 aliolewa tena na mhariri aliyeitwa George Benson. Naye akafariki mwaka 1959. Mama huyu hakukaa chini kulia siku zote. Alipokaribia umri wa miaka 60 alijifunza kurusha ndege, akapata leseni.

Na siri yake je? Stratemeyer alikuwa amekufa mwaka ule ule wa 1930, siku chache baada ya vitabu vya kwanza kutoka. Binti yake, Harriet Adams, ndiye aliyeiongoza kampuni. Yeye pia aliandika baadhi ya vitabu vya baadaye. Lakini mbele ya watu alijulikana kuwa ndiye Carolyn Keene tangu mwanzo. Mildred alinyamaza. Alikuwa ameahidi.

Mwaka 1980 wachapaji wa vitabu walishtakiana mjini New York wakigombea haki za vitabu hivyo. Mildred aliitwa mahakamani kutoa ushahidi. Hapo siri ikafunuliwa. Barua za zamani zikatolewa, na zikaonyesha nani aliandika nini. Miaka 50 ilikuwa imepita! Karatasi hazikusahau. Baadaye, mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Iowa kilifanya mkutano mkubwa juu ya Nancy Drew, na Mildred akapewa heshima yake hadharani. Aliendelea kuliandikia gazeti hata uzeeni. Tarehe 28 Mei, 2002, aliugua akiwa kazini ofisini, akafariki siku hiyo hiyo. Umri wake ulikuwa miaka 96.

Ndugu zangu, Mildred alisoma hati yake, akapima, akakubali. Hata hivyo sahihi yake ilimfunga kwa miaka 50. Je, mtu anayetia sahihi bila kusoma, huyo atafungwa kwa miaka mingapi? Ukiletewa hati ya mkopo, ya kuuza shamba, au ya kuuza mazao, usione haya kusema, "Niachie niisome kwanza." Anayekuharakisha ana sababu yake. Jiulize: Ninatoa nini? Ninapata nini? Ni kwa muda gani? Nikibadili nia, itakuwaje? Pasipoeleweka, mwite mwenzako msome pamoja. Na nakala yako ihifadhi mahali pakavu, mbali na mchwa na panya.

Kisomo si kujua kuandika jina tu. Kisomo ni kujua jina hilo unaliandika chini ya maneno gani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini Mildred alikubali dola 125, lakini akakataa dola 75?
2. Je, alifanya vyema kutunza siri kwa miaka mingi? Toeni sababu.
3. Katika kijiji chetu watu hutia sahihi karatasi za namna gani? Nani huzihifadhi?