Juma Fupi la Kazi

Leo twataka kupima jambo hili: je, yafaa juma la kazi lifupishwe?

Tutazame kwanza jimbo la Utah, katika Marekani. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilifunga ofisi zake nyingi kila Ijumaa, na makarani wakafanya kazi siku 4, saa 10 kila siku. Walipata siku 3 za kupumzika. Lakini saa zilibaki zile zile 40, na raia mwenye shida siku ya Ijumaa alikuta mlango umefungwa. Watu walinung'unika, na mwaka 2011 mpango ule ukaachwa.

Watu wa Aislandi walishika njia nyingine. Baina ya 2015 na 2019, wafanyakazi wapatao 2,500 walipunguziwa saa zenyewe: badala ya 40 kwa juma, wengi wakafanya 35 au 36, wala mshahara haukukatwa. Mikutano ilifupishwa, zamu zikapangwa upya, na mahali pengi kazi haikuharibika. Lakini mgonjwa hutunzwa usiku na mchana; hivyo mpango ulipoenea hospitalini, watu zaidi walihitajiwa, nayo ni gharama.

Basi tusihesabu siku tu. Na tuulize: saa zimepungua kweli? Ujira umebaki ule ule? Nani atashika zamu iliyoachwa? Maana kibarua alipwaye kwa siku, akipunguziwa siku bila kuongezwa ujira, hakupewa pumziko, amepewa njaa.