Wazee Watembee Pamoja

 Wazee wangu na mama zangu wa Kaptembwo, wengi wenu mlifanya kazi za nguvu, mashambani na viwandani, wala hamkuhitaji kuhimizwa kutembea. Leo mtu huketi mlangoni pa chumba cha kupanga tangu asubuhi hata jioni, miguu ikalegea. Siku akiteleza topeni huvunjika nyonga; kisha ni kitanda.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mwenye miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kwa siku 3 au zaidi ajizoeze nguvu na kusimama imara. Peke yako utaanza Jumatatu, Jumatano umeacha.

Kule Korogocho, Nairobi, wanawake wazee walianza mwaka 2007 kujifunza kujikinga na wabakaji. Kundi lao hujulikana kama Shosho Jikinge. Hofu iliwakutanisha, lakini walipata pia mazoezi ya mwili na wenzao wa kucheka nao.

Sisi hatuhitaji ngumi. Vyama vya akiba mnavyo, nanyi hukutana mkae tu! Basi kabla ya kuhesabu fedha zungukeni mtaa, wenye fimbo wakitangulia ili mwendo uwe wao. Asiyeonekana, mpitieni mlangoni kwake.