Tovuti ya Chama Itunzwe Kama Daftari la Sanduku

Maneno ya fundi wa tovuti yetu mbele ya wanachama waliochaguliwa kuandika humo.



Kazi ya kujenga tovuti imeisha. Inabaki kazi ya kila siku, na ile ni yenu. Fundi anajua mashini. Ninyi ndio munajua nani amerudi, shamba gani limelimwa, mkutano uko siku gani. Kama kila neno lazima lipite kwangu, habari itafika imeoza kama ndagala za juzi.

Munajua daftari la sanduku letu. Mwenye kuandika humo hapasui karatasi. Anaweka tarehe, anaweka kiasi, na mwenzake anahakikisha. Tovuti inaomba heshima ile ile. Inasomwa na mfadhili ambaye hajawahi kukanyaga Baraka. Inasomwa pia na ndugu yetu aliyebaki kambini Nyarugusu, anayejiuliza kama arudi ao abaki. Yule anaweza kuuza vyombo vyake na kuvuka ziwa juu ya sentensi moja tuliyoandika.

Kwa hiyo la kwanza ni tarehe. Musiandike "mwezi ujao" ao "hivi karibuni". Andikeni siku, mwezi na mwaka. Tuseme tuliandika kwamba chama kinagawa mbegu, kisha mbegu zikaisha. Sentensi ile ikibaki, tunadanganya bila kutaka. Sahihisheni, na chini muweke tarehe ya kusahihisha. Programu yetu ya WordPress inahifadhi matoleo ya zamani ya ukurasa. Ukiharibu, unarudisha lile la mbele. Musiogope kugusa.

La pili ni mpangilio. Maneno yakitoka Word yanaweza kuja na rangi na ukubwa wa huko, ukurasa unakuwa nguo ya viraka. Bandikeni maneno matupu. Kichwa kidogo musikifanye kwa kunenepesha herufi tu. Chagueni "kichwa" kwenye orodha. Asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu yake, anaruka toka kichwa hiki mpaka kile. Herufi nene hazimsaidii. Na kiungo kisiseme "bonyeza hapa", kiseme kinapeleka wapi.

La tatu ni picha. Picha ya simu inaweza kuwa na mega 4. Ipunguzeni mpaka kilobaiti 200: kwa mega zile zile, msomaji ataona picha 20 pahali pa moja. Mega zinanunuliwa, na watu wetu hawana feza za kutupa. Kisha andikeni kwa maneno kile picha inaonyesha, maana mtandao ukiwa zaifu, maneno ndiyo yatafika.

La nne ni majina, na hapa niwaombe musikie vizuri. Kuna mama aliyetendewa jeuri wakati wa vita. Kuna ndugu aliyekuta shamba lake linalimwa na wengine, na kesi haijaisha. Ukitia jina, sura na kijiji, watu wanaweza kunakili mara moja; kufuta kwako hakutarudisha kitu. Hata picha yenyewe inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Ombeni ruhusa kwa lugha mtu anayosikia vizuri. Mumwambie kwamba hata jirani yake ataona, si mfadhili tu wa mbali. Akikataa, msaada wake usipungue hata kidogo.

La mwisho ni neno la siri. Kila mmoja awe na lake, asimwazime mtu, hata mtoto wa nyumbani. Wengi wenu mutaandika na kutuma. Wahariri wawili ndio watasoma na kuchapisha. Si kwamba hatuwaamini. Hata kwenye sanduku, funguo haziko kwa mtu mmoja.

Wafadhili munaosoma maneno haya, mukiona hesabu bila tarehe, tuulizeni.

Na sasa tufanye kazi. Kila mmoja afungue ukurasa wa mikutano, asahihishe sentensi moja, aitazame kwanza kwenye simu, ndipo aitume kwa wahariri. Mimi nitakaa pembeni. Mukiuliza nitajibu, lakini mashini sitaigusa.